Mfuate Mkeo Kliniki



Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 13, malaika anamtokea mke wa Manoa, mwanamke tasa, na kumwambia kwamba atazaa mtoto, hivyo asiguse divai wala kileo. Wahubiri wengi tunakomea hapo, tukimnyooshea mama kidole. Hebu someni mbele. Manoa hakusema kwamba mimba ni mambo ya wanawake. Alimwomba Mungu amrudishe yule mjumbe awafundishe wote wawili. Mjumbe aliporudi, mke alikimbia kumwita mumewe, naye akaenda nyuma ya mkewe kusikia mwenyewe.

Wewe bwana, umewahi kumfuata mkeo kliniki?

Nauliza kwa sababu katika parokia zetu wako akina mama wajawazito wanaokunywa chang'aa kwa siri, na kule Mombasa na Malindi wako wanaotumia heroini, ile inayoitwa unga. Mama wa namna hii huikwepa kliniki. Anaogopa kunuka pombe, anaogopa alama za sindano mkononi, anaogopa ulimi wa muuguzi. Asipofika, hapimwi damu. Na sindano ya kushirikiana hubeba damu ya mwingine. Mama mwenye virusi vya Ukimwi asipotibiwa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Akimeza dawa kila siku, hawafiki 5.

Tena si mama peke yake. Mke aliyepimwa mwezi wa tatu akaonekana mzima anaweza kuambukizwa na mumewe mwezi wa saba, na maambukizo mapya ni hatari zaidi kwa mtoto, maana virusi huwa vingi mno katika damu. Basi pimweni wote wawili, na mrudie kabla ya kujifungua. Bwana anayetoka nje ya ndoa kisha akamwita mkewe mlevi, na apime dhamiri kwanza, halafu damu.

Kosa moja hufanywa kwa nia njema: kumfungia ndani mke mjamzito ili aache unga ghafla. Jambo hilo laweza kuidhuru mimba. Madaktari hutumia methadoni, dawa anayokunywa kila siku mbele ya mhudumu. Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa 2014, Nairobi, kisha ikafika Pwani. Wako wanaosema eti ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Hao hawajamwona mama aliyerudi kupika nyumbani kwake. Hata mnywaji wa kila siku aachishwe chini ya uangalizi wa daktari.

Mkishindwa kuanza, waendeeni wasimamizi wenu wa ndoa usiku mmoja, mseme kweli. Kisha asubuhi nendeni. Bwana, utajikuta peke yako kwenye benchi katikati ya akina mama, na huenda wakakucheka kidogo. Keti tu.