Jiwe Lililoungua: Uaminifu Pasipo na Shahidi

Swali la iwapo mtu anaweza kuwa mwaminifu mahali ambapo hakuna anayemwona ni la kale katika falsafa na katika dini, na waandishi wengi hulijadili kwa mifano mizito, kama vile mali ya yatima iliyo mikononi mwa mlezi au hazina ya nchi iliyo mikononi mwa mtawala. Mifano hiyo ina kasoro moja: uzito wake huchanganya dhamiri na hofu, kwa kuwa anayeshawishika kula mali ya yatima huogopa mahakama, ndugu wa marehemu na moto wa Jahanamu kwa wakati mmoja, wala si rahisi kujua ni kipi kati ya hivyo kilichomzuia. Kwa sababu hiyo kuna faida kulitazama swali hili kupitia jambo dogo, na mashindano ya kelingi katika Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu ya majira ya baridi, yanayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Vyuo Vikuu (FISU), yanatoa mfano wa aina hiyo.

Kelingi ni mchezo uliokulia Uskoti, ambao timu mbili za watu wanne wanne hutelezesha mawe ya matale, yaani mwamba mgumu, juu ya uwanja wa barafu wenye urefu wa takriban mita 45, zikilenga duara kubwa liitwalo nyumba. Kila jiwe lina uzito wa kati ya kilo 17 na 20, na mengi huchongwa kutokana na mwamba wa Ailsa Craig, kisiwa kidogo kilicho karibu na pwani ya magharibi ya Uskoti. Barafu hunyunyiziwa matone ya maji ambayo huganda yakawa vipele, na juu ya vipele hivyo jiwe lililozungushwa kidogo hupinda polepole, huku wachezaji wawili wakilitangulia na kuisugua barafu kwa brashi ili liende mbali zaidi au lisipinde mno. Mchezo huu uliingizwa katika michezo ya vyuo vikuu mwaka 2003 huko Tarvisio, Italia. Mwaka 2023 ulichezwa Saranac Lake, jirani na Lake Placid nchini Marekani, na Januari 2025 ukarudi Italia, katika mji wa Pinerolo ulio karibu na Torino.

Kiini cha hoja kimo katika kanuni moja. Jiwe lililo mwendoni likiguswa na mchezaji wa timu iliyolitupa, au na brashi yake, huitwa jiwe lililoungua, na aliyeligusa hutakiwa kulitangaza kosa hilo mwenyewe papo hapo. Mguso huo mara nyingi ni mwepesi mno: brashi inapita sentimita chache tu mbele ya jiwe, wasuguaji wameinama, mwamuzi yuko mbali, na wapinzani wamesimama pembeni au nyuma ya nyumba. Anayejua kwa hakika aghalabu ni mmoja tu, naye ndiye atakayepata hasara akisema. Waamuzi wapo, lakini sehemu kubwa ya kazi wanayoitiwa ni kupima umbali pale macho yanaposhindwa, kwa kuwa hata alama za kila awamu hukubaliwa kwanza na wachezaji wa pande zote mbili. Kitabu cha kanuni za mchezo huu kina tamko juu ya roho ya mchezo, ambalo maana yake ni kwamba mchezaji wa kweli huona afadhali kushindwa kuliko kushinda isivyo haki.

Katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*, Plato alimpa Glaucon nafasi ya kusimulia kisa cha mchungaji wa Lydia aliyepata pete ya kumfanya asionekane, akaitumia kumuua mfalme na kutwaa ufalme. Glaucon alidai kwamba mwenye haki na dhalimu, wote wawili wakipewa pete hiyo, watatenda sawasawa. Methali ya Kiswahili isemayo kuwa njia ya mwongo ni fupi humjibu kwa upande mmoja tu, kwa sababu inategemea uongo ufichuke. Jiwe lililoungua kimyakimya halifichuki: linasimama, linahesabiwa, mchezo unaendelea, na jioni barafu inakwanguliwa na kumwagiwa maji mapya. Hapo njia ya mwongo ni ndefu, tena imenyooka, na methali inakosa la kusema.

Msaada hupatikana kwingine katika lugha hiyohiyo. Maneno amini, imani, amana, uaminifu na muumini yametoka katika shina moja la Kiarabu, na mzungumzaji wa Kiswahili huyatumia kila siku bila kuona kuwa yamebeba nadharia nzima ya maadili. Amana ni kitu anachoachiwa mtu pasipo mlinzi. Mali iliyotiwa kufuli na kuwekewa askari si amana tena, bali ni mali iliyohifadhiwa tu. Ikiwa ndivyo, basi fikra ya kawaida kwamba mtu athibitishe uaminifu wake kwanza ndipo aaminiwe imegeuza mambo juu chini, kwa kuwa uaminifu hauna mahali pa kuonekana mpaka mtu awe amekwisha kuaminiwa. Kanuni inayomwachia mchezaji ajitaje mwenyewe haipaswi kusomwa kama udhaifu wa sheria, bali kama amana ambayo mchezo unamkabidhi mwanafunzi wa miaka ishirini kabla hajafanya lolote la kuistahili.

Mkosoaji atasema kwamba mwanafunzi huyo hujitaja kwa kulinda jina lake, kwa sababu jamii ya wachezaji wa kelingi ni ndogo na watakutana tena. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alimtaja mwenye duka asiyempunja mteja mjinga kwa kuwa tu unyofu hukuza biashara, akasema kuwa tendo hilo linaafikiana na wajibu lakini halitokani na wajibu. Pingamizi hili lina nguvu kwa miguso inayoonekana, ila kwa mguso usioonekana hakuna jina la kulinda. Lililo gumu zaidi ni pingamizi linalomhusu mwenye dini: Al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, alifundisha murakaba, yaani hali ya mja kujichunga akijua kuwa Mola anamwona, na mtu aweza kuuliza kama muumini naye hajaongeza tu idadi ya watazamaji. Jibu limo katika mafundisho ya Kiislamu kuhusu ihsani, ambayo hutaja daraja mbili: ya juu ni kumwabudu Mungu kana kwamba mja anamwona, na ya chini yake ni kukumbuka kwamba, ijapokuwa mja hamwoni, yeye anamwona mja. Daraja ya juu ni ya anayeona, si ya anayeonwa. Mchezaji anayesimama na kusema kuwa brashi yake imegusa jiwe husema kwa sababu yeye ameona, na kosa la Glaucon lilikuwa kumsahau shahidi huyu, ambaye pete haikuweza kumficha asijione.

Kinachofuata baada ya kukiri nacho kina mafunzo. Jiwe likiungua kabla ya kuvuka mstari ulio mbele ya nyumba huondolewa, lakini likiungua baada ya mstari huo mawe yote huachwa yasimame, kisha timu isiyokosa ndiyo huamua: iliondoe, iliache lilipo, au iyapange mawe pale inapoona kwa haki kuwa yangefika. Sheria ya Kiislamu hutenganisha haki za Mungu na haki za waja, na katika hizi za pili toba pekee haitoshi mpaka aliyekosewa arudishiwe haki yake au asamehe; Injili ya Mathayo nayo humtaka mwenye kutoa sadaka aiache madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake. Mchezo wa barafu umefika palepale bila kitabu cha fikihi.

Haifai, hata hivyo, kuufanya mchezo huu kuwa wa malaika. Miongoni mwa kumbukumbu zake za kwanza kabisa ni hati ya mwaka 1541 kuhusu changamoto iliyotolewa na John Sclater, mtawa wa abasia ya Paisley, na hati hiyo iliandikwa na mthibitishaji wa kisheria, kana kwamba hata mtawa alihitaji shahidi. Katika mashindano makubwa ya siku hizi mpini wa jiwe huwekewa kitambuzi kinachowasha taa nyekundu mkono unapochelewa kuliachia kwenye mstari, na jambo moja lililokuwa amana limekuwa hifadhi. Kwa brashi inayogusa jiwe, hakuna taa inayowaka.