Kofia Nyeupe Isiyo na Tope

Wandugu wa Kipushi, tazameni kofia! Gazeti likituonyesha bosi mwema, kofia yake ya mgodini ni nyeupe, haina hata tone la tope. Mbele yake utepe, na mkasi umelazwa kwenye sahani. Nyuma yake vichwa vya watu. Vya nani? Maandishi chini ya picha hayasemi.

Na bosi mbaya? Huyo hatumwoni mpaka atiwe pingu, au mpaka wagomaji wafunge barabara. Kati ya utepe na pingu kuna siku ngapi za kazi? Huko ndiko bosi anakojulikana, na huko kamera hazifiki!

Mazoea haya yana mvi. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ilianza kuchimba hapa mwaka 1924. Mwaka 1957 ikatoa gazeti lake, Mwana Shaba. Posho ilitoka kwake, nyumba kwake, hospitali kwake, sasa na habari pia. Watu wakasema: kampuni njo baba, njo mama. Na Desemba 1941, wagomaji wake walipopigwa risasi uwanjani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai mshahara, kiongozi wao Léonard Mpoyi akiwa miongoni mwa waliokufa? Baba gani huyo?

Kisha shimo letu likafungwa 1993. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, ikawaaga watu zaidi ya 10,000, na jina likatafutwa: départ volontaire, kuondoka kwa hiari. Hiari! Mtu anadai mishahara ya miezi mingi, watoto wamerudishwa kutoka shule, ndipo anaambiwa amependa mwenyewe. Jina likaandikwa hivyo, likasomwa hivyo.

Farao naye aliwaita wafyatua matofali wavivu. Misri ingekuwa na redio, uvivu wao ndio ungekuwa habari ya kwanza asubuhi. Lakini wema wa Boazi, mwenye shamba, tuliujuaje? Hakuualika umati shambani kwake. Ruthu, mwokota masazo, alirudi jioni na shayiri yake, akamsimulia mkwewe. Ruthu ndiye mwandishi wa habari!

Wana wetu wa redio na magazeti, najua mnalipwa kidogo, na wengine hamlipwi kabisa. Ndiyo maana bahasha ya coupage, pesa anayopewa mwandishi na anayeandikwa, ni tamu. Lakini aliyekulipia nauli ndiye atakayechagua pa kukushusha. Shimo limefufuka, tangu Juni 2024 zinki inatoka tena, chini ya kampuni ya Ivanhoe na Gécamines. Vijana wamepata kazi, sifa na ziandikwe, sikatai. Ila ziandikwe kutoka upande wa Ruthu!

Kesho alfajiri nenda getini, zamu ya usiku inapotoka, bila bahasha. Mtafute yule aliyeajiriwa na mkandarasi, buti zimejaa udongo. Muulize kontra yake ni ya miezi mingapi. Muulize siku alipoumia, nani alimpeleka hospitali, nani alilipa. Akimsifu bosi wake, andika. Akimlaumu, andika. Kisha muulize jina lake, na akikubali, liweke chini ya picha.