Nani Mwenye Haki juu ya Mmea wa Mwisho?

Mmea ukibaki mmoja tu duniani, je, ni haki kumzuia mwenyeji wa mahali pale asichume majani yake kwa dawa? Swali hili si la kubuni. Liliwahi kutokea Rodrigues, kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi kilicho sehemu ya Mauritius.

Kisiwani humo umo mti mdogo wa jamii ya kahawa ambao wenyeji huuita café marron, yaani kahawa ya mwituni. Kwa asili hauoti mahali pengine popote. Ukiwa mchanga huwa na majani membamba, marefu, yenye rangi ya kahawia. Ukikua hutoa majani mapana ya kijani. Wataalamu hudhani kwamba hiyo ilikuwa njia ya kuwakwepa kobe wakubwa waliokula majani ya chini. Kobe hao walikwisha baada ya watu kufika. Mbuzi na mashamba vilipoingia, kinga ile haikutosha tena, na mti ukadhaniwa umetoweka kabisa.

Mwaka 1980 mwalimu Raymond Ah-Kee aliwaagiza wanafunzi wake watafute mimea ya kisiwa chao. Mwanafunzi Hedley Manan akaleta tawi la mti huo. Habari zilipoenea, watu walianza kuvunja matawi yake, maana ulijulikana kuwa ni dawa ya kienyeji. Ukawekewa uzio; watu wakaupenya; uzio ukaongezwa. Mwaka 1986 kipande cha tawi kilipelekwa katika bustani ya Kew, London.

Wapo wasemao kwamba uzio ule ulikuwa dhuluma. Wenyeji waliujua mti kabla ya mtaalamu yeyote, basi kwa nini wazuiwe? Siwezi kuipuuza hoja hii. Hapa Uganda, Wabatwa waliondolewa katika msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na wengi wao hawana ardhi hadi leo. Anayetaja uhifadhi mbele yao hana budi kuchunga maneno yake.

Hata hivyo, naona kwamba haki ya kutumia si haki ya kumaliza. Avunjaye tawi la mwisho hajitumii haki yake peke yake. Anatumia na ya mtoto wake, ambaye kesho atahitaji dawa ile ile. Kwa hiyo uzio wa Rodrigues haukuipinga dawa ya wazee, bali uliilinda isikatike.

Lakini anayeweka uzio naye ana deni. Kwanza awaeleze watu sababu, tena kwa lugha yao, kwa sababu katazo lisiloelezwa huzaa wizi. Pili, akirudishe kile alichokichukua. Kule Kew mti ulichanua miaka mingi bila kutoa mbegu, mpaka mtaalamu Carlos Magdalena alipofaulu kuupatia mbegu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadaye miche ilirudishwa Rodrigues. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kama miche ile isingerudi, wenyeji wangekuwa na haki ya kusema kwamba wameibiwa.

Hapo ndipo ninapoona tofauti na Bwindi. Wabatwa waliambiwa watoke, lakini msitu haukurudi mikononi mwao kwa namna yoyote ya maana. Katazo lilikuwepo, deni halikulipwa.

Nami nasoma ili niwe mwalimu, kwa hiyo sisahau kwamba mti ule haukugunduliwa na mlinzi wala na sheria. Uligunduliwa na mtoto aliyepewa kazi ya kutazama mimea ya kwao. Watoto wetu wakifundishwa majina ya miti inayowazunguka, pengine hatutafika hatua ya kugombania tawi la mwisho.