Uzee Ugenini: Wajibu Wetu kwa Wazazi Tuliowaleta Mjini



Katika Sura Bani Israili Mwenyezi Mungu Anaamrisha kwanza kwamba Aabudiwe Yeye peke Yake, na papo hapo, bila kuingiza amri nyingine katikati, Anaamrisha wema kwa wazazi. Kisha Anautaja wakati ambapo wema huo hupimwa, yaani mzazi mmoja au wote wawili wanapofikia uzee. Hapo pana neno dogo la Kiarabu ambalo wengi hulipita haraka: indaka, maana yake kwako, karibu nawe. Basi aya hii haimhusu tu mzee aliye mbali, tunayemkumbuka kwa salamu na fedha. Inamhusu hasa mzee aliyemo nyumbani mwako, ambaye kikohozi chake unakisikia usiku na swali lake unalisikia mara tatu kwa siku. Huyo ndiye tuliyekatazwa kumwonyesha hata dalili ndogo ya kuchukizwa.

Jambo hili limekuwa kubwa katika zama zetu. Mwaka 1967 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 356,286. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Vijana wamehamia mjini kutafuta riziki, na wazazi wao wanapofiwa au wanapoishiwa nguvu, huchukuliwa kuwafuata. Nia ya watoto ni njema, wala hapana wa kuwalaumu. Lakini je, kumleta mzazi mjini ndiko kuumaliza wajibu?

Mimi nilidhani hivyo. Baba alipofariki, nilimtoa mama kijijini kwetu mkoani Tabora nikamleta Dar es Salaam. Umri wake ulikuwa miaka 71. Nilimpa chumba, kitanda, chandarua na chakula kizuri, nikamshukuru Mungu kwamba nimetimiza amri Yake. Baada ya miezi mitatu mama alikuwa haongei. Alikesha, na mchana alikaa akitazama ukuta. Kule kwetu kila asubuhi alisalimiwa "Mwangaluka" na njia nzima. Hapa jirani humtupia "Shikamoo" naye amekwisha pita. Kule alikuwa na jembe lake, karanga zake na matobolwa yake ya kuanika. Hapa hata sufuria hakuruhusiwa kuigusa, eti apumzike.

Majirani wakasema ana majini. Wengine wakanong'ona kuwa amerogwa. Nami niliyejiona mwalimu wa dini nilifanya kosa langu: nilimhubiria subira. Jioni moja akaniambia, "Mwanangu, chakula chako ni kizuri, Mungu akulipe. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu sijui nani ataifungua."

Maneno hayo yalinichoma, maana mimi mwenyewe nilipokuwa kijana chuoni ng'ambo nililia usiku kwa kukumbuka kwetu. Lakini mimi nilikuwa na masomo ya kunishughulisha, wenzangu wa kuzungumza nao, na tumaini la kurudi. Mama hakuwa na hata kimoja katika hivyo vitatu. Nikarudi kwenye Kitabu cha Mungu na mwenendo wa Mtume Mtukufu s.a.w. ili nijifunze nilichokuwa nikiwafundisha wengine.

Wako watu wasemao kwamba huzuni ya namna hii ni upungufu wa imani. Na wamtazame Nabii Yaakub a.s. Kurani Tukufu inasimulia kwamba alimlilia Yusuf hata macho yake yakageuka meupe, na wanawe wakamlaumu kwamba atajiangamiza kwa kumkumbuka. Yeye akawajibu kwamba malalamiko yake anayapeleka kwa Mungu, kisha akawakataza kukata tamaa na rehema Yake. Ikiwa nabii wa Mungu alihuzunika kiasi hicho na unabii wake haukupungua, ni nani sisi hata tumhukumu mama mzee anayelilia kaburi la mumewe na mwembe wa uani kwake?

Tena tazameni jinsi Yusuf a.s. alivyompokea mzee huyo alipohamia Misri. Hakuagiza aletwe peke yake, bali aliagiza jamaa yote. Alipofika alimkumbatia, akawatakia usalama wote walioingia, kisha akawapandisha wazazi wake katika kiti cha enzi. Yaani mzee hakuingia nchi ngeni kama mzigo wa kuwekwa pembeni, bali aliingia na watu wake na heshima yake.

Kadhalika katika Hijra ya mwaka 622. Masahaba walipofika Madina, Hazrat Abu Bakr na Hazrat Bilal r.a. walishikwa na homa. Bilal, ambaye huko Makka aliteswa juu ya mchanga wa moto, alianza kuitamani Makka hiyo hiyo, akiyataja majani ya bonde lake, maji yake na vilima vyake. Hazrat Aisha r.a. akampasha habari Mtume s.a.w. Je, aliwakemea? La! Aliwaombea. Alimwomba Mungu awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, awape afya ndani yake, na abariki pishi na kibaba chake. Basi katika dua hiyo moja mna mambo matatu ya kumfaa kila mhamaji: moyo, afya na riziki.

Kwanza, moyo. Madina haikupendwa kwa dua pekee, Mtume s.a.w. aliwaunganisha pia Muhajirina na Ansari kwa undugu, kila mgeni akapata mwenyeji. Nasi tumtafutie mzee mwenyeji wa rika lake, wa lugha yake ikiwezekana. Tumfikishe msikitini, wala tusimwache nyumbani kwa kisingizio cha foleni ya magari. Mjini tusimlete kwa ghafula. Aje kwanza kutembea, arudi, aje tena. Aje na jembe lake, mkeka wake na kinu chake, japo nyumba ni ndogo. Na njia ya kurudi isifungwe: msiba wa ndugu na msimu wa mavuno vinamhitaji naye anavihitaji.

Pili, afya. Dini yetu imetufundisha kutafuta dawa, maana Mungu hakuweka ugonjwa bila kuweka tiba. Mzee akikosa usingizi, akikataa chakula, asipofurahia chochote kwa muda wa majuma mawili au zaidi, au akitamani kufa, hiyo yaweza kuwa sonona. Sonona ni ugonjwa, si sehemu ya lazima ya uzee, nayo hutibika. Akichanganyikiwa ghafula, kwa saa au siku chache, apelekwe hospitali upesi, maana mara nyingi chanzo ni cha mwili: malaria, maambukizo ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au dawa zisizopatana. Akisahau polepole kwa miezi na miaka, yaweza kuwa ugonjwa wa ubongo, na mahali pageni huudhihirisha, kwa sababu njia alizozijua kwa miguu hazipo tena. Macho na masikio nayo yapimwe. Asiyeona wala kusikia vizuri hujitenga na watu bila kutaka.

Kumkimbilia mganga wa majini katika hali hizi ni kumchelewesha mgonjwa, na kutafuta aliyemroga ni hatari kubwa zaidi. Katika sehemu za nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wakati mwingine kwa sababu ya macho mekundu tu, ambayo huweza kutokana na moshi wa kuni. Mwislamu hawezi kushiriki dhuluma hiyo hata kwa mnong'ono.

Tatu, riziki, na kwa mzee riziki ni pamoja na kazi yenye heshima. Kumnyima kila kazi ni kumwambia kwamba hafai. Kumwachia wajukuu wote kutwa nzima ni kumfanya yaya asiye na mshahara. Aulizwe mwenyewe anachopenda. Mpeni japo kitalu cha mchicha na fedha kidogo za mkononi, ili naye aweze kutoa sadaka.

Mtume s.a.w. alipoingia Makka mwaka 630, Hazrat Abu Bakr alimwongoza baba yake, Abu Quhafa, mzee kipofu mwenye mvi, akamleta mbele yake. Mtume s.a.w., bwana wa mji siku ile, alisema kwamba afadhali mzee angeachwa nyumbani, naye mwenyewe angemwendea. Huu ndio mwenendo wetu: tusione kwamba daima mzee ndiye wa kutufuata. Pengine sisi ndio tunaopaswa kusafiri.

Mama nilimpeleka hospitali. Akatibiwa sonona, akaondolewa mtoto wa jicho, na jirani mmoja Mnyamwezi akawa mwenyeji wake. Kila mwaka karanga zinapokomaa hurudi Tabora, na mwaka jana alikaa miezi mitano. Bado ziko siku anapotazama ukuta. Siku hizo simhubirii tena. Hukaa kando yake.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kwa jinsi walivyotulea tukiwa wadogo, wapendezeshe makao yao mapya, na usitujalie kuwa kamba katika miguu yao. Amin.