Mashine Imesema

Nilipokuwa nikifundisha walimu, nilipenda kuwauliza wanachuo swali hili: mtu unayemjua kuwa mwaminifu akikana kuchukua fedha, na daftari la hesabu likaonyesha zimepungua, utamwamini nani? Wengi walijibu kwamba daftari halina ndugu wala chuki, basi liaminiwe. Niliwapa alama nzuri. Leo nisingewapa.

Huko Uingereza ofisi nyingi ndogo za posta huendeshwa na mawakala, watu wenye duka kijijini, wanaouza stempu na mkate pamoja. Kuanzia mwaka 1999 Posta iliwafungia mtambo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Wakala alipofunga hesabu, mtambo ulimwambia fedha zimepungua. Posta ilimtaka alipe pengo hilo mwenyewe. Wako waliolipa kwa akiba zao, wako waliokopa kwa jamaa. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa hakuna mwingine mwenye shida kama yao. Kufikia mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani. Baadhi walifungwa, mmoja wao aliingia gerezani akiwa mjamzito. Desemba 2019, katika kesi iliyofunguliwa na watu 555, Mahakama Kuu ilitamka kwamba mtambo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta mapengo hayo. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hatia zao.

Kasoro zenyewe hazinishangazi. Kila kilichoundwa na binadamu kina kasoro, hata chaki huvunjika. Kinachonisumbua ni kwamba sheria iliichukulia kompyuta kuwa inafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Muuza mkate angethibitishaje, na kumbukumbu za mtambo ziko mikononi mwa anayemshtaki? Na mamia ya watu wenye sifa njema wakageuka wezi baada ya mtambo mpya kufungwa! Mwalimu yeyote akiona darasa zima limefeli swali moja, huanza kwa kulikagua swali.

Sisemi tusiziamini mashine. Pensheni yangu huniingilia benki kila mwezi, nami siombi mtu aihesabu upya mbele yangu. Bila imani ya namna hiyo tusingeweza kuishi siku moja mjini. Lakini huja saa ambapo mtu anasimama mbele yako na kusema, "Hapana, hiyo si kweli." Saa hiyo ndiyo ya kupimwa, na anayepimwa ni wewe.

Mimi nilipimwa. Chuo chetu kilikuwa kimeanza kuingiza alama za mitihani ya ndani katika kompyuta, nasi tulijivunia sana. Mwanachuo mmoja, kijana mpole, alikuja ofisini akasema alama 27 iliyotoka haiwezi kuwa yake. Nilikuwa nimemwona akifundisha katika mazoezi; nilijua uwezo wake. Hata hivyo nilimjibu, "Kijana, kompyuta haina sababu ya kukuonea." Akasema, "Sawa, Mkuu," akatoka. Karatasi yake ya majibu ilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka kitini pangu.

Baada ya wiki moja mkufunzi wa somo akagundua kwamba 72 iliandikwa 27. Mashine haikukosea, ilirudia ilichoambiwa. Aliyekosea mwanzo ni karani, naye nilimsamehe siku hiyo hiyo, maana vidole huteleza. Mimi sikuteleza. Nilikaa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu halipendezi: kama ningefungua kabati, ningelazimika kuamua, na uamuzi ungekuwa wangu. Maneno "kompyuta imesema" yaliniondolea mzigo huo. Nadhani hata wale wakubwa wa Posta, kabla ya kiburi, walianza na uvivu wa namna hii.

Nilimwita kijana, nikamweleza na kumwomba radhi. Akasema, "Asante, Mkuu. Yamekwisha." Alikuwa mwanachuo aliyeinua mkono kila nilipoingia darasani mwao, akiniuliza maswali mpaka kengele. Muhula ule na uliofuata alikaa kiti kilekile, akaandika nilichosema, na hakuniuliza tena.