Kungoja na Kusubiri

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili kwa jambo ambalo wengi hulidhani kuwa moja. Katika mazungumzo ya kila siku kungoja na kusubiri hubadilishana nafasi, na hapana alaumiwaye kwa kusema hili mahali pa lile. Hata hivyo, asili zao zimeachana. Kungoja ni hali impatayo mtu. Kusubiri ni tendo lililozaliwa na subira, na subira huhesabiwa miongoni mwa tabia njema. Abiria aketiye kando ya njia akilitukana basi lililochelewa anangoja, lakini hasubiri. Wahenga waliijua tofauti hii, maana waliacha methali mbili zinazoonekana kugombana: Subira yavuta heri, na Ngojangoja huumiza matumbo. Asomaye upesi husema kwamba wazee hawakupatana. Apimaye huona kwamba methali ya kwanza husifu tendo, na ya pili husikitikia hali. Basi swali linalostahili kuulizwa ni hili: kitu gani humtoa mtu katika kungoja kikamfikisha katika kusubiri, hasa wakati kinachongojwa ni kikubwa na jibu lake limo mikononi mwa watu wasiomjua?

Kijana aombaye nafasi ya kusomea udaktari hukutana na swali hili uso kwa uso. Katika Marekani na Uingereza, mwombaji hungoja kwanza mwaliko wa usaili, na mwaliko huo waweza kuchukua miezi, au usije kabisa. Tanzania, kwa desturi, hapana usaili; alama za fizikia, kemia na biolojia katika mtihani wa kidato cha sita ndizo zinazosema kwa niaba yake. Mtihani hufanywa aghalabu mwezi wa Mei, matokeo hutoka Julai, kisha maombi hupelekwa vyuoni na majina hutangazwa kwa awamu. Kuanzia 2010 maombi yalipita katika mfumo mmoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu 2017 kila mwombaji hupeleka maombi yake mwenyewe katika chuo atakacho. Na aitwaye hajamaliza kungoja. Huingia katika kungoja kwa pili, yaani jibu la Bodi ya Mikopo, maana bila mkopo watoto wengi wa wakulima hawawezi kukaa chuoni miaka 5 ya masomo hayo.

Milango imeongezeka, na wabishao wameongezeka pia. Kabla ya 1963, kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa daktari alitazama Makerere, ambako elimu ya utabibu ilianza 1924, au alitazama ng'ambo. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam, nayo baada ya mageuzi kadhaa imekuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili tangu 2007. Moshi ilipata chuo chake 1997, na Bugando, Mwanza, 2003. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wa Mara, alipata kukumbusha kwamba nchi iliupokea uhuru wa 1961 ikiwa na madaktari 12 tu waliosomea kazi hiyo. Kwa hiyo kijana aombaye nafasi leo hangojei cheo chake peke yake. Nchi nayo imekuwa ikingoja muda mrefu.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi mbali na miji mikubwa. Nyakunguru iko katika nchi ya Wakurya, upande ambao Tarime hupakana na Serengeti na mto Mara hupita ukielekea Ziwa Viktoria. Ng'ombe katika nchi hiyo si mali tu. Ni akiba, ni mahari, ni heshima ya mwenye mji. Mzazi auzaye ng'ombe ili mtoto asome huwa ameweka rehani sehemu ya heshima hiyo. Kwa sababu hiyo mtoto wa mahali kama hapo hangoji peke yake. Baba hungoja, akizunguka zizi lililopungua, mama hungoja, shangazi aliyetoa nauli hungoja, na wadogo zake hungoja, maana ada zao zimefungwa katika bahati yake. Kila jirani akutanaye naye njiani humwuliza, "Bado?" Neno hilo moja, ingawa husemwa kwa mapenzi, laweza kuchoma kuliko tusi. Na kwa kuwa machimbo ya dhahabu ya Nyamongo hayako mbali, wapo vijana wa rika lake wanaopekua mabaki ya mawe wakitafuta riziki ya siku moja. Yeye alichagua faida ya mbali, na kila siku ipitayo bila jibu humwuliza kama alichagua vema.

Zamani jibu lilikuja kwa barua, na barua ilikuwa na siku yake. Mtu alijua siku ambayo mfuko wa posta hufika. Akaogopa siku hiyo, akalima siku nyingine. Simu haina siku. Jibu laweza kuja alfajiri, au adhuhuri, au usiku wa manane, na hivyo saa zote zimekuwa saa za posta. Kijana hupanda mahali pa juu penye mtandao, akafungua simu, akaifunga, akaifungua tena. Kutazama huko hakuharakishi jibu hata kwa dakika moja, naye ajua hivyo. Lakini mkono haukomi. Kwa nini?

Epictetus, aliyekuwa mtumwa katika dola ya Rumi kabla ya kuwa mwalimu wa hekima, aligawa mambo yote mafungu mawili: yaliyo katika uwezo wa mtu, na yasiyo katika uwezo wake. Alifundisha kwamba mashaka ya binadamu hutokana na kuyachanganya mafungu hayo. Mgawanyo huo ni wa maana, lakini hali ya mwombaji yaonyesha jambo ambalo mgawanyo wa namna hiyo huelekea kulificha. Jambo lake lilikuwa katika uwezo wake jana, na leo halimo tena. Aliposoma usiku kwa taa, uwezo ulikuwa wake. Alipoandika jibu la mwisho la mtihani na kuweka kalamu chini, uwezo ulimtoka. Lakini moyo hauachi kazi siku ile ile mkono unapoiacha. Miaka mingi umezoeshwa kwamba juhudi huleta matunda, nao waendelea kujihidi mahali ambapo juhudi haina pa kushika. Kutazama simu ni mabaki ya kazi iliyokwisha. Ndiyo maana wenye bidii huteseka zaidi kuliko wavivu, na mateso yao si dalili ya udhaifu wa imani wala ya upungufu wa akili.

Ikiwa hivyo ndivyo, dawa haiwezi kuwa kuambiwa, "Usifikiri." Juhudi yataka mahali pengine pa kwenda. Mkulima aliyekwisha panda ulezi wake hafukui mbegu kila asubuhi ili aone kama imeota, wala haketi barazani kulitazama wingu. Hupalilia. Palizi haileti mvua, lakini mvua ijapo hukuta shamba limekuwa tayari. Kijana aliyerudi nyumbani kungoja jina lake aweza kuwafundisha wadogo zake hesabu, aweza kumsindikiza bibi zahanati, aweza kushika jembe. Matendo hayo hayaongezi alama zake. Faida yake ni kwamba humrudishia habari aliyoisahau, kwamba alikuwa mtu wa kufaa kabla hajaitwa na chuo chochote, na atabaki hivyo asipoitwa.

Hapo ndipo linapozuka swali gumu zaidi: je, kinachotakiwa ni kuponya, au ni kuitwa daktari? Mambo hayo mawili hukaa katika moyo mmoja bila kugombana muda wote ambao njia ni nyeupe. Kungoja huyatenganisha. Anayetaka kuponya huiona milango mingine: stashahada ya utabibu, uuguzi, maabara, famasia. Tena ajua kwamba tabibu aliyefaulu vizuri katika stashahada yake aweza baadaye kuomba kuingia shahada ya udaktari kwa njia ya miaka mingi zaidi. Anayetaka jina tu huona mlango mmoja, na ukifungwa huona ukuta. Si haki, hata hivyo, kulitumia wazo hili kama fimbo ya kumpigia mwenye huzuni. Sungura aliyeshindwa kuzifikia ndizi akasema, "Sizitaki mbichi hizi," hakuwa na hekima; alikuwa mwongo. Kijana aliyetamani udaktari tangu utotoni ana haki ya kusema kwamba aliutamani, na kwamba kuukosa kunauma. Subira haimtaki mtu apunguze thamani ya alichokitaka. Yamtaka ajue sababu iliyomfanya akitake, kwa kuwa sababu hiyo yaweza kuishi hata baada ya njia ya kwanza kufa.

Yafaa pia kukumbuka kwamba thamani ya kungoja hutegemea kinachongojwa. Katika desturi ya Wakurya, vijana wa rika moja walingoja pamoja neno la wazee wa inchama kuhusu mwaka wa kutahiriwa. Kungoja kwao kulikuwa na faraja ambayo kungoja kwa leo hakuna: jibu lilikuja kwa rika zima, wakaingia pamoja na kutoka pamoja. Leo jibu huingia katika simu moja moja; marafiki wawili waliosoma katika dawati moja, mmoja huitwa na mwingine huachwa. Lakini asiifanye mtu sifa hiyo ya zamani kuwa sifa ya kila kitu cha zamani. Wasichana nao waliungoja msimu, na walichokingoja kilikuwa kisu cha ukeketaji, ambacho sheria ya 1998 ilikikataza kwa walio chini ya umri wa miaka 18, na ambacho hakijatoweka. Msichana wa Tarime akesha usiku kwa sababu ya orodha ya chuo cha udaktari hana usingizi, ni kweli. Lakini kukosa usingizi kwake ni kwa mtu ambaye ana jambo lake mwenyewe la kungojea. Hofu yake ni gharama ya kuwa na chaguo. Bibi zake wengi hawakupewa nafasi ya kuilipa gharama hiyo.

Yapo pia madeni kati ya wangojao. La kwanza ni ukweli. Kijana aliyepata alama za wastani na kuwaficha wazazi wake jinsi ushindani ulivyo mkali huwaacha wamngojee daktari ambaye yeye mwenyewe ana shaka naye; siku ya jibu huwa amewavunja moyo mara mbili. La pili ni la wazazi kwake: wasimfanye mtoto kuwa hundi ya ng'ombe waliouzwa. Walitoa ili apate njia, na njia aliipita kwa miguu yake hadi ilipokomea. Anayedai zaidi ya hapo hudai kitu ambacho mtoto hakuahidi, wala hakuweza kuahidi.

Wala subira si kunyamaza. Jina likikosewa, au alama zikiandikwa sizo, kuuliza ni wajibu, na anyamazaye kwa kisingizio cha uvumilivu hujidhulumu. Vivyo hivyo subira humlinda mtu na watu wajinadio kwamba wanao mlango wa nyuma na kwamba fedha kidogo zitaliingiza jina katika orodha. Biashara yao hustawi kwa sababu wangojao wamechoka. Anayenunua nafasi kwao, hata kama si matapeli, huwa ameanza kazi ya kuokoa maisha kwa kumnyang'anya mwingine zamu yake.

Na zamu ni neno ambalo daktari atalikuta kila siku. Mgonjwa huketi kwenye benchi tangu asubuhi. Mama hungoja majibu ya damu ya mtoto wake. Mume hungoja nje ya chumba cha upasuaji, akiutazama mlango kama vile kijana alivyokuwa akiitazama simu. Wote wameweka jambo lao kuu mikononi mwa mtu asiyewajua, na uwezo wao umekwisha kutumika. Vitabu vya tiba hufundisha mengi kuhusu damu na mishipa, lakini hofu ya aliye kwenye benchi haielezwi ikaeleweka na ambaye hajapata kuketi hapo. Aliyewahi kungoja neno la watu wengine kwa miezi, na akakumbuka jinsi swali la "Bado?" lilivyochoma, atajua kwamba kumwambia mgonjwa, "Majibu yako yatatoka saa nane, nami nitakuja kukuambia mwenyewe," ni sehemu ya matibabu. Asahauye atatibu mwili na kuliacha tumbo liendelee kuumizwa na ngojangoja.

Orodha itatoka. Baadhi ya majina yatakuwamo na mengine hayatakuwamo, na kati ya yasiyokuwamo yatakuwa majina ya watu ambao wangekuwa madaktari wema, kwa kuwa nafasi huhesabika na wema hauhesabiki. Orodha yaweza kusema nani aingie darasani mwaka huu. Haina macho ya kuona nani anafaa kuaminiwa na mgonjwa. Hilo huonekana kwa namna mtu anavyokaa na watu wake katika siku ambazo hana la kuwaonyesha, na siku za kungoja ndizo zenyewe.