Kuitikia kwa Kichwa

Je, mtu aliyenyamaza anaweza kuwa amesema uongo? Swali hili nimelibeba tangu Ijumaa moja nilipohudhuria semina ya hisabati katika chuo kimoja cha hapa Dar es Salaam, na sijalitua bado.

Kwa sisi tunaokaa Tandika, kufika semina ni safari: daladala mbili, foleni, jasho. Ukifika unakuta watu kumi hivi, ubao, chaki, na mzee mmoja anayeheshimika akithibitisha jambo kuhusu namba. Hakuna maabara wala mitambo. Ushahidi wote uko palepale ubaoni, na kila aliyeketi ameitwa aukague hatua kwa hatua.

Siku hiyo mzee alianza kwa kutukumbusha hoja ya Euclid, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, kwamba namba tasa hazina mwisho. Chukua namba tasa zote unazozijua, zizidishe, kisha ongeza 1. Jibu hilo ukiligawa kwa yoyote kati ya zile ulizochukua, linabaki 1. Basi lazima iwepo namba tasa nyingine nje ya orodha yako. Hapo mzee akateleza ulimi: "Kwa hiyo jibu lenyewe ni namba tasa." Moyo ukashtuka. Mbona hatua hiyo siioni? Nikatazama kulia, watu wanaitikia kwa vichwa. Kushoto, vilevile. Nami nikaitikia. Nimkosoe vipi mtu wa rika la baba yangu?

Kesho yake nikawafundisha vijana wangu wa tuisheni vivyo hivyo. Hapa ndipo ninapojilaumu: shaka niliyokuwa nayo nilibaki nayo mwenyewe, wao nikawapa uhakika nisiokuwa nao. Jumanne binti mmoja wa kidato cha tatu akaja na daftari.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, ukifika 13 inagoma."

Alikuwa amezidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, akaongeza 1, akapata 30,031. Usiku kucha akaigawa kwa namba moja baada ya nyingine, hadi 59 ikaingia: 59 mara 509. Euclid alikuwa salama, maana 59 na 509 zote ni tasa, na zote hazimo katika orodha. Aliyeumbuka ni mimi.

Mtu ataniambia: bwana wee, na adabu je? Adabu naijua, nimelelewa nayo. Lakini kumnyamazia mzee kana kwamba hawezi kustahimili swali nako ni kumdharau. Mkubwa ni jalala, walisema wahenga. Basi na ayabebe maswali yetu pia.

Tena kuuliza kuna gharama. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba huko Lushoto, aliona maziwa aliyoyatia kwenye friji yakiwa ya moto yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Akasema, hakuaminiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, akamwuliza mgeni wao, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, aliporudi Dar akataka jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakachapisha makala wote wawili. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, na aliyewapa la kubishania ni kijana aliyekubali kuchekwa.

Simwiti kila aliyenyamaza mwongo. Yupo anayenyamaza kwa sababu bado anafikiri. Lakini kuitikia kwa kichwa si kunyamaza, ni kutoa ushahidi: "Nimekagua, ni sawa." Wa kushoto kwangu huenda naye aliitikia kwa kuniona mimi. Ushahidi wangu ulikuwa wa uongo, na deni lake lililipwa na binti wa watu aliyekesha Temeke.

Ijumaa iliyofuata nilinyoosha mkono, sauti ikitetemeka. Mzee aliandika 30,031 ubaoni, akaigawa kwa 59, akakaa kimya kidogo, kisha akacheka. "Nani kaiona hii?"

Nilitamani sana kusema ni mimi.

"Mwanafunzi wangu, mzee," nikajibu. "Yuko kidato cha tatu."